Kabla fundi wa stima hajapasua ukuta wako

Nyinyi mnaojenga huku Kisumu, Mamboleo na Riat, fundi akikuambia ana laisensi usitosheke na karatasi aliyolaminetisha, hiyo mtu anatoa hata pale saiba. Mwambie akupe jina lote na namba ya laisensi, halafu ingia tovuti ya EPRA, ile mamlaka ya serikali inayosimamia mambo ya stima na mafuta, uangalie kama yumo kwenye orodha ya walioidhinishwa, na tarehe ya kuisha pia uiangalie kwa sababu laisensi iliyokufa ni kama hakuna.

Kitu watu wengi hawajui, kuna karatasi ya fundi mwenyewe na kuna ya kontrakta, ni mbili tofauti. Na zina madaraja: C2 ni ya nyumba ya kawaida ya singo fezi, yaani stima ya laini moja, ukiweka mashine ya posho ya sirii fezi, yaani ya laini tatu, fundi wa C2 hakufai, tafuta C1 kwenda juu.

Mimi nilimwamini jirani ya shemeji, akapiga waya safi kabisa, soketi zimenyooka, nikamlipa yote. Kufika wakati wa kuomba mita naambiwa nilete cheti cha kukamilisha waya kilichosainiwa na mwenye laisensi, jamaa simu mteja hapatikani. Ikabidi nilipe mwingine, naye kufungua tu soketi moja akakuta hata waya wa athi, ule wa kupeleka stima ardhini ikivuja, haujaunganishwa, umekunjwa tu nyuma, na kumbe zingine nne ziko hivyo hivyo.

Sasa mimi pesa ya mwisho siachilii kabla hicho cheti sijakishika mkononi.