Bonde la barafu kwa udongo na sabuni ya mche

Mpwa wangu wa Wete yuko kidato cha tatu, na barafu aijuayo ni ya kutia kwenye juisi ya ukwaju. Kusoma kwamba barafu imechimba mabonde ya Mlima Kenya hakukumwingia, basi tukaifanya kwa mikono.

1. Jenga mteremko wa udongo wa mfinyanzi juu ya ubao. Mchanga wa pwani usiuguse, ukilowa unaporomoka. Chonga mfereji wa umbo la V, kama mto unavyochimba.

2. Gandisha barafu. Kazi yote iko hapa. Barafu tupu haichongi mwamba. Kinachochonga ni mawe iliyoyang'oa njiani na kuyashika tumboni. Tandaza changarawe na mchanga mkali chini ya kopo, tia maji, gandisha usiku kucha. Umeme ukikatika, friza usiifungue. Ukitoa bonge, chini yake utakuta ngozi nyembamba ya barafu imeyafunika mawe, na hapo litateleza tu. Lipanguse kwa kitambaa chenye maji mpaka kidole kihisi mikwaruzo. Ukizidisha, changarawe inadondoka, unaanza upya. Lijaribu juu ya sabuni ya mche: barafu safi inailowesha tu, hii inaacha michirizi iliyolala upande mmoja. Michirizi kama hiyo kwenye miamba ndiyo huwaonesha wanajiolojia barafu ilipita ikielekea wapi. Mimi naona sabuni inafundisha kuliko michoro yote ya kitabuni.

3. Likandamize bonge na ulisukume polepole, lakini likomee katikati ya mfereji. Liwe pana kuliko kitako cha mfereji, vinginevyo halitagusa kingo.

4. Liache liyeyuke papo hapo. Rundo la mawe linalobaki ni moreni. Mlimani likiziba bonde, maji hujikusanya nyuma yake yakawa ziwa. Maji yenyewe yatatoka yametibuka. Mito itokayo chini ya barafu nayo huwa na weupe wa maziwa, kwa unga wa miamba iliyosagwa.

5. Kata udongo kwa uzi mahali pawili, juu na chini ya moreni. Juu utaona U, chini V. Mpwa wangu akauliza vipi mto mdogo wa Naro Moru uchimbe bonde pana la Teleki, kule Mlima Kenya. Haukulichimba, ulilikuta.