Kwenda Mkomazi na watoto bila kuwakausha

Sisi wa Dar tunajiona joto tushalizoea, mtu ukimwambia kule hifadhi ya Mkomazi kukavu anakujibu aah mbona Kariakoo saa nane mchana tunatembea. Sio joto lile jamani. La huku lina unyevu, mtoto akitoka jasho unamuona kalowa, ila kule mvua nyingi inaishia milima ya Usambara na Pare, Mkomazi iko upande wa pili, hewa kavu mpaka jasho linakaukia hapohapo kwenye ngozi, unaona mtoto yuko fresh tu kumbe maji yanamuisha.

Kwa hiyo usingoje aseme ana kiu. Mpe mafunda mawili matatu kila mara, hata kwa kumlazimisha kidogo, na uangalie mkojo, ukiwa wa njano iliyokolea ongeza maji, kama asubuhi nzima hajakojoa afu kalegea, midomo mikavu, analia bila machozi, hapo safari imeisha, mpe maji ya ORS (ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) na mwende kituo cha afya. Pakiti za ORS nunueni hukuhuku, na dumu la maji likae ndani ya gari sio kwenye buti chini ya mabegi. Mwenye kichanga cha chini ya miezi 6 anyonyeshe mara nyingi zaidi, maji asimpe. (Binafsi kichanga ningemuacha kwa bibi.)

Usijidanganye kutoka Dar na kuingia siku hiyohiyo. Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo mpaka Same ni siku nzima ukiwa na watoto, kila saa mmoja anataka kujisaidia. Laleni Same, geti la Zange liko karibu tu, mwingie saa 12 asubuhi jua halijakolea. Kuanzia saa 5 wanyama wamejificha vichakani na watoto wameshaanza kugombea siti, sasa mnazunguka kutafuta nini? Pumzikeni kivulini. Ila kabla ya kutoka nje ya hifadhi ulizeni kama kibali kinaruhusu kurudi jioni, msije mkalipa mara mbili.

Na waambieni mapema hii sio Serengeti, hakuna makundi ya nyumbu. Wape vitu vya kutafuta. Swala twiga anasimama kwa miguu ya nyuma kama mtu ili afikie majani ya juu, na maji yake mengi anayapata humohumo kwenye majani. Choroa, yule wa pembe ndefu zilizonyooka, jua likiwa kali anauacha mwili upande joto ili asipoteze maji kwa jasho, hapo ndo pa kumwambia dogo wewe sio choroa, kunywa maji. Faru weusi wako kwenye eneo lao lenye uzio, utaratibu wa kuwaona uulize mapema.

Nguo ziwe za mikono mirefu, nyepesi, kofia pana, na raba, sio kandambili, miiba ni mingi. Gari yako ya chini kama IST iache Same ukodi gari ya juu.

Malipo ya kuingia sio keshi, uwe na kadi au namba ya malipo tayari. Mtoto wa chini ya miaka 5 halipiwi, ila beba cheti cha kuzaliwa, maana kuna watoto wa miaka minne wana miili ya darasa la pili.