Kunoa randa ya urembo iliyolala miaka mingi

Randa zangu tano za urembo, zile za kuchonga moldingi (kingo zenye nakshi, kama za fremu), nilirithi kwa mzee aliyenifundisha useremala hapa Kibuye, Kisumu. Ni za mbao, kazi ya Uingereza, urefu kama inchi 9½, na kila moja tumbo lake, yaani upande wa chini unaopita juu ya ubao, limechongwa umbo lake. Siku hizi wengi wana ruta ya umeme, mashine ya kuchonga kingo hizo. Sawa, lakini stima ikipotea, nani anamaliza fremu?

1. Toa kisu. Usichokoe kabari inayokibana kwa bisibisi. Gonga kisigino cha randa (ncha ya nyuma) kwa nyundo ya mbao hadi kabari ilegee. Ikigoma msimu wa mvua, ujue mbao imevimba. Iweke ndani pakavu siku mbili tatu. Ukiianika juani itapasuka.

2. Safisha. Kutu itoe kwa mafuta ya taa na brashi ya waya. Kisha laza upande bapa wa kisu, ule usio na mteremko, juu ya msasa uliobandikwa kwenye kioo: namba 240, 400, 800, halafu 1200. Si lazima kisu chote king'ae. Inchi ya mwisho yatosha. Ila vishimo vya kutu vikibaki ukingoni, kila moldingi itatoka na mikwaruzo.

3. Linganisha kisu na tumbo. Hapa ndipo kazi ilipo. Paka upande bapa wino mweusi, rudisha kisu na kabari, kichomoze kama milimita moja. Pindua randa, laza sindano juu ya tumbo mbele ya mdomo (pale kisu kinapochomoza), ncha iguse kisu, uifuatishe umbo lote. Mstari utakaobaki kwenye wino ndio unaoufuata.

Usinakili umbo la pua ya randa (ncha ya mbele). Kisu kimelala, mara nyingi nyuzi 45 hadi 50, kwa hiyo umbo lake hurefuka: kina cha milimita 6 puani huhitaji karibu 8 kwenye kisu. Na tumbo usiliguse kwa msasa hata kidogo! Hilo ndilo kipimo chako.

4. Punguza hadi mstari. Jaribu tupa ya mviringo kwanza. Ikiteleza bila kung'ata, chuma ni kigumu, nenda kwenye jiwe la mashine, lakini taratibu. Mimi kisu changu cha kwanza nilikikandamiza hadi kikageuka samawati. Ugumu ulikwisha, kikawa hakikai makali hata kwa ubao mmoja. Kikianza kuunguza vidole, chovya majini.

5. Noa. Penye bonde, viringisha msasa kwenye kijiti cha unene unaofaa. Penye mgongo, bembeza kisu kwenye kinoo. Mteremko uwe nyuzi 25 hadi 30. Endelea mpaka kidole kihisi unywele wa chuma (ukingo mwembamba uliojikunja) upande bapa, kwa upana wote. Sugua upande bapa mara moja ukiwa umelala kabisa, umalizie kwa ngozi ya mkanda mkuukuu.

6. Jaribu. Chukua saiprasi isiyo na vifundo. Anzia ncha ya mbele ya ubao kwa misukumo mifupi, ukirudi nyuma kidogokidogo. Maranda yakitoka upande mmoja tu, kisu kimezidi hapo: rudi hatua ya tatu, na wino mpya.