Ramani ya Samaki wa Chini kwa Kamera za Chambo, Mafia

Kamera ya chambo hushushwa hadi sakafu ya bahari ikiwa na chambo mbele yake, na video huonyesha samaki wanaokuja. Panga vituo (mahali pa kuishushia) kwanza, kamera baadaye. Ramani nyingi huharibikia hapa: chombo huelekezwa kwenye miamba ambayo kila nahodha anaijua, chewa na changu wanaonekana, halafu eneo zima linapakwa rangi ya utajiri. Mchanga na majani ya bahari yaliyo katikati hayakupimwa kabisa.

Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia (ilianzishwa 1995, kilomita za mraba 822) ina kanda zenye masharti tofauti ya uvuvi, kwa hiyo inafaa kulinganishwa. Igawe kwa kina (mita 5–15, 15–30, 30–50) na kwa aina ya sakafu: matumbawe, mwamba mtupu, majani, mchanga. Fungu lisilokuwepo liache. Ndani ya kila fungu kompyuta ichague nukta kwa bahati nasibu, angalau nane, ndani na nje ya kanda inayokataza uvuvi. Vituo vya siku moja viachane mita 400 au zaidi, maana harufu ya chambo husafiri na mkondo na samaki yuleyule anaweza kuhesabiwa mara mbili. Kibali cha utafiti huombwa COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania), na uongozi wa hifadhi nao uarifiwe. Maombi huchukua muda.

Usitegemee data ya GEBCO (ramani ya kina cha bahari za dunia nzima) peke yake. Chembe yake moja ina upana wa karibu mita 450, hivyo mwamba wa mita 50 humezwa. Pita na kipima kina cha chombo kwa mistari inayoachana mita 100, ukiandika saa ya kila kipimo. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Usiposahihisha kwa jedwali la maji kupwa na kujaa, mistari ya asubuhi na ya mchana haitakutana.

Fremu ni ya chuma, yenye kamera ndogo ndani ya kasha linalostahimili kina unachoendea. Mbele yake funga bomba la plastiki la mita 1.5, na mwishoni mfuko wa wavu wenye kilo 1 ya vibua waliopondwa. Samaki wa chambo wawe wa aina moja tangu kituo cha kwanza hadi cha mwisho. Ukichanganya, tofauti utakayoona huenda ni ya chambo. Uzito wa kilo 15 hutosha penye utulivu. Karibu na Mlango wa Kinasi, njia ya maji ya kuingilia Ghuba ya Chole, hautoshi: fremu huburutwa na boya huzamishwa na mkondo. Hapo ongeza vipande vya risasi vya kuzamishia, funga maboya mawili, tumia kamba ya mita 45 kwenye maji ya mita 30, na ufanye kazi siku za maji mafu, mkondo ukiwa dhaifu. Miezi ya kusi iache, bahari huchafuka.

Onyesha kamera kibao chenye namba ya kituo, kisha shusha fremu taratibu kwa mkono, isivunje matumbawe. Ikae dakika 60 tangu iguse sakafu, kati ya saa moja na nusu asubuhi na saa kumi na moja jioni. Iliyolala ubavu au kuzibwa na jiwe irudiwe.

Unaposoma video, kwa kila spishi andika MaxN: idadi kubwa kabisa inayoonekana kwa pamoja kwenye picha moja. Kujumlisha kila anayepita ni kumhesabu taa mmoja mara ishirini. Sifuri nazo ziandikwe, kwa sababu bila hizo hakuna ramani. Chambo huvuta zaidi samaki wanaokula nyama. Gayogayo aliyejifukia mchangani na samaki wa usiku watapungua kwenye hesabu, basi usidai ramani yako inawahusu.

Modeli ya kukisia samaki pasipopimwa ijengwe kwenye R (programu ya takwimu) kwa kifurushi cha mgcv, ikitumia kina, mteremko, ukwaru wa sakafu, umbali kutoka mlango wa bahari. Ipime kwa kuificha kipande kizima cha eneo, kisha uone kama inakikisia sawasawa. Ukificha vituo vilivyotawanyika, jirani zao watakupa jibu na modeli itaonekana hodari kuliko ilivyo. Kina ambacho hukukifikia kibaki cheupe, na ramani ya mashaka, inayoonyesha makisio yanaweza kukosea kiasi gani, ichapishwe sambamba na ya samaki.

Mahali chewa wanapokusanyika kuzaa papewe uongozi wa hifadhi tu. Kwenye nakala ya umma, ficha nukta hizo ndani ya miraba ya kilomita kadhaa.