Kutumia swichibodi ya laini 10 ya jeshi la Ujerumani kwa simu za FF33

Swichibodi hii, yaani ubao wa kuunganishia laini za simu, haizipi simu umeme. Kila FF33, simu ya kubebeka ya jeshi hilo, ina betri yake ya volti 1.5 kwa ajili ya maikrofoni, na jenereta ndogo ya kuzungusha kwa mkono kwa ajili ya kuita. Kwa hiyo mtu asiposikika huku simu yake inaita vizuri, anza na betri yake, si ubao.

Unganisha waya mbili za kila simu kwenye La na Lb/E, vituo viwili vya kufungia waya wa kila laini. Ukiwa na waya mmoja tu, ufunge La, kisha Lb/E ipeleke ardhini kwa kigingi cha chuma, pande zote mbili. Udongo ukiwa mkavu, mwagia maji.

Mpigaji akizungusha mkono wa jenereta, sumaku-umeme ya laini yake inaachia kilango (kifuniko kidogo cha kuonyesha nani anaita), kinaanguka. Kirudishe, mjibu, umwite anayetakiwa, kisha unganisha laini hizo kwa plagi. Wakimaliza, wazungushe tena. Wakisahau (na husahau sana), sikiliza kwanza kabla ya kuchomoa.

Kilango kisipoanguka, mara nyingi ni vumbi au bawaba ngumu. Kama ni safi, pima koili kwa mita ukilinganisha na laini jirani. Mikwaruzo sikioni ni plagi zenye kutu: futa kwa spiriti, usitumie msasa. Sauti ikikatika ukitikisa kamba, waya umekatika shingoni mwa plagi. Usishike vituo vya waya mtu anapozungusha jenereta. Shoti yake inauma.