SOMO: Spana malaya za zamani za Bahco – kuzisaka Mwanza, kuzitambua na kuzitoa kutu (soma lote ndipo uulize)

Mwangaluka wakuu. Tangu niweke picha ya ubao wangu wa spana, simu haipoi. "Unazipata wapi?" "Orijino naijuaje?" "Kutu unaitoaje?" Nimejibu kwa maandishi, nimejibu kwa sauti, na juzi nimejibu nikiwa nimeinamia injini ya boti pale Kirumba, mikono imejaa oili hadi kwenye viwiko. Naandika leo, basi. Atakayeuliza kilichomo humu nitamwambia apande juu akasome.

Kwa nini Bahco na si nyingine? Spana malaya tunaiita hivyo kwa kuwa haichagui nati. Umbo lake tunalolijua lilitoka kwa Mswidi mmoja, Johan Petter Johansson, fundi wa mji wa Enköping, aliyepata hataza yake mwaka 1892. Paipurenchi alikuwa ameshaipatia hataza mwaka 1888. Kuuza alikabidhi kampuni ya B.A. Hjorth & Co. ya Stockholm, na ukizishika herufi hizo utaona BAHCO imetokea wapi. Mwaka 1916 na kiwanda chenyewe kikawa chao. Wadenmark mpaka leo spana hii wanaiita ufunguo wa Kiswidi. Sisi tukaipa jina letu, na mimi naona letu linaeleza kazi vizuri zaidi.

Ninazo 23. Ya kwanza aliniachia fundi aliyenifundisha kazi, inchi 10, na taya lake mpaka leo linacheza kidogo kuliko la spana nyingi nilizonunua mpya.

HATUA YA 1. Vaa viatu vigumu, beba brashi ya waya, kitambaa, rula na chenji.

HATUA YA 2: Kusaka. Dukani hutazipata. Zunguka yadi za vyuma chakavu upande wa Nyakato na Igoma, ila wahi kabla gari la mzigo halijapakia. Makoroboi nayo usiidharau. Pale watu waligeuza makopo kuwa vibatari tangu zamani, ndiyo maana ya jina lenyewe, na anayefua bati siku zote ana boksi la vyuma chini ya meza. Mwaloni Kirumba, waulize mafundi wa injini za mitumbwi.

Lakini nzuri zangu karibu zote zimetoka kwa mafundi wastaafu: waliokuwa reli, waliokuwa melini, waliokuwa viwanda vya kuchambulia pamba huko Magu na Kwimba, na mmoja ambaye baba yake alifanya kazi mgodi wa Geita ule wa zamani, uliofungwa 1966. Kwa wazee hawa usifike na kuanza "mzee una spana?" Shikamoo, kaa, kunywa chai, uliza habari za kazi yake. Boksi atalileta mwenyewe. Na ukimkuta mjane, mpe bei ya haki. Nikisikia umemlipa mama wa watu bei ya kilo kwa spana ya marehemu mumewe, hapa usinisemeshe.

HATUA YA 3: Kuitambua. Futa mkono wa spana kwa kitambaa, ilaze upande wa jua ili maandishi yatupe kivuli. Unatafuta jina BAHCO, neno SWEDEN, na kwenye za zamani jina la Hjorth au la Enköping. Ukiona samaki na ndoano, hiyo si ya kale. Samaki yule alikuwa alama ya misumeno ya Sandvik tangu 1886. Alihamia kwenye spana baada ya Sandvik kuinunua Bahco mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wavuvi wanampenda sana, wananiletea wakidhani ndiyo ya mkoloni.

Feki zipo. Zungusha kile kigurudumu cha kidole gumba kutoka mwanzo hadi mwisho: orijino, hata yenye kutu, ikishalainika hukwenda sawasawa, feki hukaza hapa na kulegea pale. Fungua taya nusu, lisukume juu na chini. Likicheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza, irudishe mezani. Kisha angalia mstari wa kalibu ubavuni mwa mkono. Chuma kilichofuliwa kwa moto husawazishwa. Cha kumiminwa ovyo huachwa na mshono.

HATUA YA 4. Bei: taja yako, nyamaza.

HATUA YA 5: Kuifungua. Nyingi zina skrubu ndogo ubavuni mwa kichwa inayoshika pini ya kigurudumu. Mwagia mafuta ya kupenya, acha usiku kucha, tumia bisibisi inayojaa mfereji wote. Ndani kuna springi ndogo sana. Fungulia ndani ya mfuko wa nailoni, mikono yote miwili ndani. Yangu moja iliruka dirishani, na chini ya dirisha langu ni mawe ya Mwanza. Mengine unayajua.

HATUA YA 6: Kutoa kutu. Hapa soma polepole, maana hapa ndipo niliua spana.

Grenda usiiguse. Msasa usiuguse. Kutu ukiipiga kwa grenda unaondoka na chapa, na spana isiyo na chapa ni kilo nusu ya chuma. Mimi natumia umeme na magadi, haya haya ya kupikia maharage. Ndoo ya plastiki, maji, kijiko kimoja cha chakula cha magadi kwa kila lita 4 au 5, koroga mpaka yayeyuke. Tundika spana katikati isiguse kitu. Pembeni weka vipande vya nondo kuukuu. Chaja ya betri ya volti 12: waya HASI kwenye spana, waya CHANYA kwenye nondo. Washa. Vitapanda vipovu vidogo kutoka kwenye spana kama soda iliyofunguliwa. Saa 4 hadi 8 zinatosha.

Sasa kosa langu. Chaja yangu ilikuwa imetengenezwa na fundi wa mtaani aliyebadilisha vibanio, akaweka vyeusi vyote viwili. Nikasema nakumbuka upi ni upi. Nikafunga, nikaona vipovu, nikalala. Asubuhi maji yalikuwa rangi ya uji wa ulezi. Nikatoa nondo: inang'aa, safi, mistari yake yote inasomeka. Nikatoa spana: imeliwa. Mkono umekuwa na vishimo kama andazi, ukingo wa taya umekonda, na mahali palipokuwa na jina la Hjorth niliweza kusoma H na sehemu ya J. Umeme hula chuma kilichofungwa chanya na kukilinda kilichofungwa hasi. Nilikuwa nimetoa kutu kwenye nondo usiku kucha kwa gharama ya spana ya inchi 12 iliyotoka kwa mzee wa melini. Nimeitundika jikoni. Mke wangu anauliza kila mgeni anapokuja, "umemwonyesha ile?"

Kwa hiyo: pima kwa mita kabla ya kuwasha, kila mara, hata kama rangi zipo. Tazama baada ya dakika 10: vipovu vingi viwe upande wa spana. Zima chaja kabla ya kutia mkono. Fanyia nje, mbali na jiko na sigara, maana gesi inayopanda ni haidrojeni na inalipuka. Usitumie chumvi badala ya magadi. Itakupa klorini ya kuvuta. Usitumie stenlesi badala ya nondo; kromiamu yake inageuka sumu ndani ya maji hayo. Na spana iliyopakwa kromu usiitie humo kabisa, ganda litabanduka.

HATUA YA 7. Ikitoka ina weusi: isugue kwa brashi ya plastiki, isuuze kwa maji moto, ikaushe hapo hapo, paka mafuta ya cherehani. Si ya kupikia. Ya kupikia yananata na kuita mende.

HATUA YA 8. Irudishe springi. Kama hujaipoteza.

MASWALI

Kijana wa Igoma: Mkuu hizo spana zinapatikana wapi?

Jibu: Hatua ya 2.

Kijana wa Igoma: Nimeona maelezo marefu, nilitaka kujua tu kwa kifupi.

Jibu: Mwanza.

Fundi Saa Mbovu: Kwa nini ujisumbue na chaja wakati siki ipo? Mimi naloweka kwenye siki na haina longolongo.

Jibu: Siki inafanya kazi, sijaikataa. Ila ni asidi; haijui kutu imeishia wapi. Ukiloweka jioni na kutoa asubuhi ni sawa. Ukisafiri kwenda msibani ukarudi siku ya nne, inakuwa imeanza kula chuma chenyewe, na chapa nyembamba ndiyo ya kwanza kuondoka. Ukitoa, osha kwa maji ya magadi kuua asidi. Kwa nati na bolti naitumia hata mimi.

Fundi Saa Mbovu: Kumbe hata wewe unatumia.

Jibu: Kwa nati na bolti. Nimeandika.

Dada wa Bwiru: Shikamoo fundi. Sina chaja, ila nyumbani kuna betri na sola ya taa za dagaa, ya volti 12. Inaweza?

Jibu: Marahaba dada yangu, hili ndilo swali. Inaweza, na wakati mwingine ni bora, kwa sababu chaja mpya za kisasa nyingi hazitoi umeme mpaka zihisi betri. Lakini betri ina nguvu ya kutisha: spana ikigusa nondo, waya utawaka mkononi. Weka fyuzi ndogo, au unganisha balbu ya gari ya volti 12 katikati ya waya mmoja. Balbu itapunguza umeme, na ikiwaka sana utajua vyuma vimegusana. Anza na kitu usichokipenda, bawaba ya mlango kwa mfano. Na betri irudishe imejaa kabla wenyewe hawajaenda ziwani, nisije nikalaumiwa kwa dagaa.

Dada wa Bwiru: Ahsante. Nimejaribu na bawaba, vipovu upande wa bawaba. Balbu inawaka hafifu.

Jibu: Hafifu ndiyo yenyewe. Ukipata muda piga picha maji kila saa.

Mtu wa Reli: Ninazo spana kubwa za reli kama 30, zina chapa. Unachukua? Njoo usiku.

Jibu: Chapa gani?

Mtu wa Reli: TRC. Ni nzima.

Jibu: Sichukui, na usiniandikie tena. Kwa wengine wanaosoma: chapa ya mwenye mali ni kalenda. TR ni Tanganyika Railways, kabla ya 1948. EAR&H ni reli na bandari za Afrika Mashariki, kuanzia 1948. Bandari zilipotengwa mwaka 1969 ikabaki EAR, mpaka jumuiya ikavunjika 1977, ndipo TRC, Shirika la Reli Tanzania. Zile za kwanza ukizikuta kwa mstaafu ana historia yake, mwulize alizipataje. Za TRC zina mwenyewe, na mwenyewe yuko hai.

Mwana Misungwi: Fundi, nje ya mada kidogo. Kwenye boksi la babu nimekuta spana za Kiingereza. Moja imeandikwa 3/8 W. Inchi 3/8 ni kama milimita 9 na nusu, lakini mdomo wake nimepima ni 18! Nimepima mara tatu.

Jibu: Umepima vizuri, na hauko nje ya mada. Hiyo W ni Whitworth, kipimo alichokipendekeza Joseph Whitworth mwaka 1841. Namba inataja unene wa bolti, si upana wa nati. Bolti ya 3/8 ina nati ya inchi 0.710, ambayo ni milimita 18 na kidogo. Vivyo hivyo 1/4 W utakuta mdomo wa milimita 13 na robo hivi. Mashine nyingi za pamba na injini za zamani za Waingereza zilifungwa hivyo, ndiyo maana vijana wanavunja kona za nati kwa spana za milimita wakilaani chuma. Na usibadilishe bolti yake kwa ya milimita hata kama inaingia nyuzi mbili: uzi wa Whitworth una pembe ya 55, wa milimita 60. Itakaza, kisha itakula. Ukiona pia kimshale chenye miguu mitatu na mwaka kama 1943, hiyo ilikuwa mali ya jeshi la Mwingereza. Tuma picha tafadhali.

Mwana Misungwi: Mshale upo! 1942. Na kuna spana malaya pia, babu alikuwa haigusi mtu. Nimefuta kidogo: BAHCO. Babu alifariki 1984, kwa hiyo ni ya zamani sana, au siyo?

Jibu: Tuma mkono wake, pande zote mbili. Usiguse msasa.

Mwana Misungwi: Nimetuma.

Jibu: Naona samaki.

Mwana Misungwi: Ndiyo, samaki na ndoano. Kwani?

Jibu: Hatua ya 3. Yule samaki hakuwapo kwenye spana babu yako alipokuwa hai. Kuna mtu aliiweka humo baadaye. Uliza nyumbani, kwa upole.

Mwana Misungwi: Nimemuuliza baba mdogo. Amecheka mpaka akakaa chini. Anasema ya babu aliiuza kwa wa vyuma chakavu mwaka 2009, akanunua hii akaiweka palepale ili bibi asijue.

Jibu: Muulize aliiuza yadi gani.