Kabla hujakubali sindano ya seli shina baada ya mshtuko wa moyo

Mtu akiwaahidi kumtibu mgonjwa wenu wa moyo kwa seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, msianze na bei. Mwulizeni: ni seli za aina gani, zimetoka kwa nani, na zitaingizwa kwa njia ipi? Akijibu tu "seli shina, mzee, za kisasa", mazungumzo yaishie hapo.

Zilizochunguzwa zaidi ni seli za uboho wa mgonjwa mwenyewe. Huvutwa kwa sindano nene kutoka mfupa wa nyonga, mara nyingi kama mililita 50, huchujwa maabara, kisha siku chache baada ya mshtuko hupitishwa kwenye katheta, yaani mrija mwembamba, hadi mshipa wa moyo uliokuwa umeziba. Puto dogo hutuniswa humo kwa dakika chache ili damu isizisombe. Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti unaojumlisha matokeo ya majaribio mengi, yenye majaribio 41 na washiriki 2,732, yalikuta madhara ni machache, ila hayakuona ushahidi kwamba seli hizo zinapunguza vifo. Jaribio la BAMI huko Ulaya lilitaka watu 3,000 likapata 375 tu, kwa hiyo swali halikujibiwa. Basi neno "salama" lisisomwe kama "inaponya".

Hatari hutegemea aina ya seli. Za misuli ya paja zilihofiwa mapema kwa kuvuruga mapigo ya moyo. Seli kubwa za kukuzwa maabara zikimiminwa kwenye mshipa zinaweza kuziba vimishipa vidogo. Kwa mbwa ilionekana hivyo. Zikiwa za mtu mwingine, dai majibu ya vipimo vya VVU na homa ya ini B na C, yakiwa kwenye karatasi. Na ule unga wa paketi unaouzwa kwa jina la seli shina usikupotezee muda: seli hai haikai kwenye kabati la duka, na hata ingekaa, tumbo lingeimeng'enya.

Kosa baya kuliko yote huwa nje ya seli. Mwenye stenti mpya, kile kibomba cha wavu kinachoshikilia mshipa wa moyo uwe wazi, huambiwa aache aspirini na clopidogrel, dawa za kuzuia damu isigande, ili nyonga isivuje damu inapotobolewa. Stenti hiyo inaweza kuziba ghafla, na mshtuko wa pili ukaua. Kidonge kisiachwe hata siku moja kabla daktari wa moyo aliyeweka stenti hajasema. Vivyo hivyo dawa za kolesteroli na presha: seli hazichukui nafasi yake.

Kama ni utafiti unaofanyika Uganda, omba fomu ya ridhaa katika lugha unayoielewa. Tazama mhuri wa kamati ya maadili na tarehe ya mwisho ya kibali, namba ya Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia (UNCST), na cheti cha Mamlaka ya Dawa (NDA). Uliza pia nani atagharimia matibabu ukiumia. Ukidaiwa mamilioni ya shilingi kwa kitu kinachoitwa jaribio, toka. Hospitali ya nje ya nchi nayo ioneshe kibali cha nchi yake; picha za ukutani si kibali.

Baada ya sindano, mgonjwa alazwe kwenye mashine ya kufuatilia mapigo, achunguzwe pale katheta ilipopita, kinenani au mkononi, na apimwe joto. Maumivu ya kifua, kuzimia, mguu kuwa baridi, udhaifu wa upande mmoja au homa ya nyuzi 38 ni vya kurudi hospitali usiku huohuo, si vya kungoja kliniki ya Jumatatu.

Usiondoke bila karatasi yenye aina ya seli, idadi yake, tarehe, mshipa uliotumika na orodha ya dawa, pamoja na diski ya picha za mishipa. Daktari atakayempokea mgonjwa hospitali ya Mulago, Kampala, hatakisia kilichoingizwa moyoni. Ataomba hiyo karatasi.